Jiwe Jeusi la Shambani, na Madini Yanayoganda Kama Kioo



Katika barua zilizofika juma lililopita iko moja iliyotoka upande wa Bukombe, nchi ya Wasumbwa. Aliyeiandika ni baba wa nyumba. Asema kwamba alipokuwa akichimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake, jembe liligonga mawe meusi, mazito, mengine yang'aa kama kigae cha chupa. Watoto wakayaokota, majirani wakaja kutazama. Mmoja akasema ni kimondo kilichoanguka toka mbinguni; mwingine akasema ni madini ya thamani. Kisha akapita mtu mmoja mwenye pikipiki, akayapima kwa mkono, akatikisa kichwa kama mganga, akasema kwamba mjini yatanunuliwa kwa mamilioni, ila kwanza zitolewe shilingi 50,000 za kuyapima. Baba huyo auliza: Nitoe au nisitoe? Na hasa, mawe haya ni kitu gani?

Swali la kwanza lajibiwa kwa neno moja: usitoe. La pili ni refu, tena ni zuri kuliko alivyodhani mwulizaji, nalo ndilo litakalojaza safu yetu juma hili.

Baba huyo alifanya vema kunitumia kipande kimoja ndani ya bahasha. Kiko hapa mezani kwangu, juu ya daftari la ubatizo, kinazuia karatasi zisipeperuke. Kina vitundu vitundu kama mkate uliofura. Hivyo vitundu ndivyo vinavyotuambia kwamba si kimondo. Vimondo vya chuma havina vitundu vya namna hiyo ndani yake. Yule mkubwa tunaye hapa nchini, Kimondo cha Mbozi, chenye tani zipatazo 16, ni bonge la chuma lililochanganyika na nikeli, nalo huvuta sumaku kwa nguvu. Kipande changu hiki huvuta sumaku kidogo tu, kama mtu anayeitika salamu ya asiyempenda.

Mawe hayo, Baba, ni mavi ya chuma.

Mavi ya chuma ni uchafu unaotengwa na chuma wakati mawe ya chuma yanapochomwa. Wazee wetu walijenga tanuri la udongo, wakalijaza makaa ya miti migumu na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka, wakavuta mivukuto usiku na mchana. Wengi hudhani kwamba humo tanurini chuma chenyewe kiliyeyuka kikawa maji. Sivyo. Chuma safi huyeyuka kwenye digrii 1538 za Sentigredi, na tanuri la namna hiyo kwa kawaida halikufika huko. Kilichoyeyuka, kwenye joto la digrii 1200 hivi, ni ule uchafu: mchanga uliomo ndani ya mawe, ukiungana na sehemu ya chuma iliyoshikana na oksijeni. Uchafu huo ulitiririka chini kama asali, ukaacha bonge la chuma lenye matundu kama sifongo. Mafundi wakalipiga nyundo likiwa jekundu hata likashikana. Bonge likawa jembe, uchafu ukatupwa. Jembe limekwisha liwa na kutu zamani. Uchafu ungali upo. Ndio ulioukuta.

Wala si aibu kuwa na mavi hayo nyuma ya nyumba. Wasumbwa na Warongo walikuwa mafundi wakubwa wa chuma, na majembe yao yalibebwa begani hata Tabora. Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyepita nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19, alikadiria kwamba majembe kama 150,000 yaliletwa kuuzwa Tabora kila mwaka. Jembe halikuwa chombo cha shamba tu. Lilitolewa mahari, na wapagazi Wanyamwezi waliyachukua majembe safarini ili kununulia chakula huko Ugogo. Upande wa Ufipa mafundi walikuwa na tanuri refu liitwalo ilungu, lipitalo kimo cha mtu, ambalo lilivuta upepo lenyewe bila mivukuto. Kisha bonge likasafishwa mara ya pili katika tanuri dogo liitwalo kintengwe. Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe aliandika habari za wafua chuma wa pande hizo mwaka 1914, na wataalamu huisoma kazi yake mpaka leo.

Sasa, Baba, chukua kipande kimoja ukivunje kwa nyundo. Watoto wakae mbali, maana vigae vyake hukata. Tazama pale kilipovunjika. Ngozi ya nje, iliyogusana na udongo baridi au upepo, mara nyingi ni laini nayo yang'aa kama chupa nyeusi. Ndani, mahali palipopoa polepole, hapang'ai hivyo. Na ukitazama kwa kioo cha kukuzia waweza kuona vijiti vyembamba vilivyolala pamoja, kama nyasi za paa. Ngozi na moyo vyote vilitoka katika mtiririko mmoja, siku moja, tanuri moja. Mbona basi vimekuwa vitu viwili?

Hapo ndipo penye elimu yenyewe, nami naomba msomaji asiruke mistari.

Kila kitu kimefanyizwa na chembe ndogo mno, ambazo wataalamu huziita atomu. Kitu kikiwa maji maji, chembe zake hupita huku na huku. Kikiganda, chembe hukaa. Lakini kukaa kuna namna mbili. Fikiri uwanja wa shule wakati wa mapumziko: watoto wanakimbia ovyo. Mwalimu apiga kengele, kila mtoto atafuta mstari wake, mfupi mbele, mrefu nyuma, na baada ya dakika chache uwanja mzima umejipanga. Hiyo ni fuwele. Chumvi ni fuwele, sukari ni fuwele, na karibu madini yote yakiganda huwa fuwele, ijapokuwa macho hayaoni. Lakini tuseme mwalimu ni mkali kupita kiasi, apiga kengele na papo hapo apaza sauti, "Kila mtu asimame hapo alipo!" Watoto wote wametulia, hakuna anayekimbia, lakini mistari haipo. Ukiupiga picha uwanja huo, picha yake haitapishana sana na ile ya watoto wakicheza. Hicho ndicho kioo. Ni kitu kigumu chenye sura ya maji.

Basi ngozi ya mavi ya chuma ilipoa haraka, ikasimama hapo ilipo, ni kioo. Moyo wake ulipata muda, ukajipanga, ni fuwele. Tofauti yao ni haraka tu.

Kioo si kigeni katika nchi zetu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hata Ujiji, ilikuwa pia njia ya kioo, maana shanga ni kioo, na nyingi zilifanyizwa Venice huko Italia. Stanley alipojiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871 ya kumtafuta Livingstone, ilimpasa kununua shanga za aina 11, kwa sababu kila nchi ilikuwa na upendeleo wake. Shanga nyeusi zilipokewa Ugogo na kukataliwa penginepo pote; nyeupe zilifaa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Aliyekosea rangi alilala na njaa. Na katika misafara hiyo hiyo wapagazi wengine walibeba masango, yaani nyaya nene za shaba zilizoviringwa. Kioo katika mzigo mmoja, madini katika mzigo wa pili. Sidhani kama kuna mpagazi au tajiri aliyewaza kwamba viwili hivyo vyaweza kuwa kitu kimoja.

Tena alikuwa na haki asiwaze. Mchanga ukiyeyuka huwa mzito kama asali ya asubuhi ya baridi, chembe zake zimeshikana mikono, kwenda kwake ni kwa taabu. Hupoa kabla hazijapata nafasi ya kujipanga. Madini yakiyeyuka ni mepesi, humiminika karibu kama maji, na chembe zake hujipanga mara moja, kama watoto waliozoea kengele. Mafundi wa dunia nzima, tangu zamani za kale, waliyeyusha shaba, fedha na dhahabu, wakazimwaga, na kila mara zikaganda kwa mpango.

Tabora nayo ilikuwa na karakana yake. Mwaka 1916, wakati wa vita, meli hazikuweza kuleta sarafu kutoka Ujerumani, nayo serikali ya Kijerumani ilipungukiwa na fedha za kulipia. Basi katika karakana ya reli huko Tabora wakaanza kupiga sarafu wenyewe. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, na kwayo wakapiga sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, na herufi T ya Tabora. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo 750 ni dhahabu safi. Nyingine ni madini ya kuipa ugumu. Kwa matumizi madogo wakapiga heller 5 na 20 za shaba, na sehemu ya shaba hiyo ilitokana na maganda ya mizinga yaliyokwisha kufyatuliwa. (Neno letu hela lilitoka kwa heller hizo za Wajerumani.) Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kiwanda kikaisha. Leo sarafu ya tembo hutafutwa sana na wakusanyaji. Uliye nayo sandukuni, usimwonyeshe mtu wa pikipiki.

Kwa swali letu, jambo la sarafu hiyo ni hili. Dhahabu yake iliyeyuka, ikamiminwa, ikapoa, na chembe zake zikajipanga kama machungwa ya mama muuzaji sokoni, kila chungwa likikaa katika shimo kati ya matatu ya chini. Hata kama mafundi wa Tabora wangeimwagia maji ya kisima palepale, bado ingejipanga. Kwa dhahabu, maji ya kisima ni polepole mno.

Miaka 44 baadaye, yaani mwaka 1960, huko Pasadena, California, katika chuo kikubwa cha ufundi, Pol Duwez na wenzake wawili, Klement na Willens, walichukua dhahabu nao. Duwez alikuwa mzaliwa wa Ubelgiji. Tabora na Wabelgiji hawaachani upesi. Nao pia walitumia robo tatu ya dhahabu, lakini kwa hesabu nyingine: hawakupima kwa mizani, walihesabu chembe, 75 za dhahabu kwa 25 za silikoni. Chembe ya dhahabu ni nzito mara saba ya ile ya silikoni, kwa hiyo kwa mizani mchanganyiko wao ulikuwa dhahabu kwa sehemu zaidi ya 95 katika 100. Mchanganyiko wa namna hii, madini kuungana na kitu kingine, huitwa aloi.

Silikoni ndiyo asili ya mchanga. Ikiwa peke yake huyeyuka kwenye digrii 1414. Dhahabu peke yake, 1064. Mtu angetazamia mchanganyiko wao uyeyuke mahali fulani katikati. La! Ukizichanganya kwa kipimo kinachofaa, chembe 19 hivi za silikoni katika kila 100, huyeyuka kwenye digrii 363 tu. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilirudi kulisoma tena, nikidhani mpiga chapa kakosea. Sababu yake yaeleweka ukirudi uwanjani: ni vigumu kuwapanga watoto wa darasa la kwanza na vijana wa darasa la saba katika safu moja iliyonyooka. Vimo vyao vinapishana, na kila mmoja aona raha zaidi kuendelea kukimbia. Basi mchanganyiko wao hukaa maji maji mpaka chini kabisa.

Lakini hata hivyo ilihitajiwa haraka ya ajabu. Duwez na wenzake walilirusha tone moja dogo lililoyeyuka, kwa pigo la hewa, likaenda kupasuka juu ya bamba la shaba baridi na kuwa utando mwembamba. Joto lilitoka kwa mwendo wa digrii kama milioni moja kwa sekunde. Wakaupitishia utando huo miale ya eksirei, ambayo huonyesha mpango wa chembe kama kivuli kionyeshavyo nguzo za ua. Nguzo hazikuwapo. Dhahabu ilikuwa imeganda kama kioo! Haikudumu, baada ya muda mfupi, pasipo kuguswa na mtu, chembe zilianza kujipanga. Lakini ilikuwa imekwisha onekana.

Weka hayo kando ya kimondo, msomaji, uone upana wa jambo. Vimondo vya chuma vilipoa ndani ya magimba ya angani, na vingi vilishuka digrii chache au mamia machache tu katika kila miaka milioni. Ndiyo maana fuwele zake ni kubwa hata mtu aweza kuziona kwa macho, zikipitana kama ukili. Moyo wa mavi ya chuma ulipata muda wa kujipanga. Ngozi yake haikuupata. Utando wa Duwez haukupata hata sehemu ya elfu ya sekunde.

Tangu hapo watu walitafuta aloi zisizohitaji haraka hiyo. Mwaka 1993, katika chuo kile kile cha Pasadena, Peker na Johnson walitangaza aloi ya madini matano: zirikoni, titani, shaba nyekundu, nikeli na berili. Uwanja umejaa sasa watoto wa vimo vitano, hakuna kujipanga kwa urahisi. Aloi hiyo yaweza kupoa kwa digrii moja tu kwa sekunde, polepole kama sufuria iliyoepuliwa, na bado ikaganda kioo, tena bonge la unene wa sentimita kadhaa. Ni ngumu, yarudi kama springi ukiikunja, na haipitishi mwanga hata kidogo. Kwa macho utasema ni chuma kilichosuguliwa.

Mpaka hapa tumesema habari za kuganda. Lakini barua ya Bukombe imenipa nafasi ya kusema la pili, ambalo kwangu mimi ndilo tamu zaidi.

Twajua kwamba hata kitu kigumu huweza kubadili mpango wake pasipo kuyeyuka. Chuma safi kikifika digrii 912, kikiwa chekundu lakini bado kigumu, chembe zake huhama kutoka mpango mmoja kwenda mwingine, kikipoa, hurudi. Fundi wa kijijini afanyaye shoka kwa springi ya gari hutumia jambo hilo kila siku: akilipasha moto likawa jekundu na kulitumbukiza majini, chembe hazipati muda wa kurudi mahali pake pa kwanza, zakwama, na makali huwa magumu. Asipolirudisha motoni kidogo baadaye, litavunjika kama kigae. Haya ni ya kitu kigumu, na hayana ubishi.

Lakini je, maji maji yaweza kubadilika kuwa maji maji mengine? Chuoni kwenye ualimu tulifundishwa hali tatu: kigumu, maji maji, mvuke, basi, imekwisha. Kikishayeyuka kimeyeyuka. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna kuyeyuka kwa namna mbili.

Ralf Busch, mtaalamu wa Ujerumani, na wenzake waliitia ile aloi ya madini matano katika chombo, wakaiyeyusha na kuikoroga ili wapime uzito wake wa kumiminika. Mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona. Aloi iliyotoka tu kuyeyuka ilikuwa nzito. Wakazidi kuipasha moto. Kitu chochote hulainika kikizidi joto, hilo si ajabu, uji nao ni hivyo. Lakini ilipofika mahali fulani ililainika ghafula, mara nyingi kuliko joto lile lingevyoweza kueleza. Walipoipoza, haikurudia uzito wake pale pale ilipouacha. Iliendelea kuwa nyepesi mpaka chini zaidi, kisha ndipo ikawa nzito tena. Kana kwamba yakumbuka moto ilioupitia.

Mwaka 2013 Busch na kundi lingine, Shuai Wei akiwa mwandishi wa kwanza, wakaendelea. Ugumu wa kazi hii ni kwamba maji ya madini yakigusa chombo, chembe huanza kujipanga kwenye ukuta wa chombo na kuharibu yote. Basi hawakutumia chombo. Walilining'iniza tone hewani, mahali palipotolewa hewa yote, likishikwa na nguvu ya umeme tu, kama vile kalamu uliyoisugua kwenye nywele ivutavyo karatasi. Wakaliyeyusha kwa mwanga mkali, na huku likipoa wakalipitishia eksirei. Wakakuta kwamba wakati uzito unapobadilika, tone lenyewe hutoa joto, kama maji yatoavyo joto yanapoganda, ijapokuwa halijaganda. Na eksirei zikaonyesha kwamba chembe zimebadili namna ya kukaa na jirani zao. Ujazo wa tone haukuonyesha badiliko lolote la ghafula.

Turudi uwanjani kwa mara ya mwisho. Kengele haijapigwa, watoto wote wanacheza. Kwanza kila mmoja akimbia peke yake. Kisha, jua likipungua, wajikusanya vikundi vikundi, kila kikundi kikimzunguka mtoto mmoja, vikundi vikivunjika na kuundwa tena. Idadi yao ni ile ile, uwanja ni ule ule, hakuna mstari hata mmoja, wala hakuna aliyesimama. Lakini jaribu kupita katikati yao sasa! Hapo kwanza ulipenya; sasa wagongana na makundi. Ndiyo maana aloi huwa nzito.

Si wataalamu wote wanaokubali. Wengine wasema kwamba badiliko hilo si la kweli kama la barafu na maji, bali ni polepole tu. Wengine wasema huenda ni fuwele ndogo mno zinazoanza kujificha humo. Ubishi kama huo uko juu ya maji ya kunywa pia, yakipozwa chini ya sifuri bila kuganda. Mimi karani siwezi kuamua kati yao. Naona tu kwamba ule utaratibu tunaouona katika kitu kigumu haukuanza siku ya kuganda. Ulikuwa umekwisha kuwako ndani ya maji maji, umefichika.

Wala si mambo ya maabara peke yake. Katika nchi nyingi siku hizi transfoma za umeme hufanyizwa kwa utepe wa kioo cha chuma: chuma kilichoyeyuka pamoja na boroni na silikoni humiminwa juu ya gurudumu la shaba liendalo kasi, kikaganda kuwa utepe mwembamba kuliko unywele wa mtu. Kwa kuwa chembe zake hazina mistari, sumaku hugeuka ndani yake kwa urahisi, na umeme unaopotea bure wakati transfoma inapokaa bila kazi hupungua kwa zaidi ya nusu. Wenye viwanda hivyo hupima kwa uangalifu joto na muda wa kuuweka mtiririko motoni kabla ya kuumimina, kwa sababu ukimiminwa kabla haujapata moto wa kutosha, utepe huharibika.

Baba wa Bukombe, shimo la choo lichimbwe hatua chache kando. Mahali penye mavi mengi ya chuma huenda pakawa pia na miguu ya tanuri na mabomba ya udongo ya mivukuto, na mambo ya kale yalindwa na sheria tangu mwaka 1964. Umpashe habari mtendaji wa kijiji, naye aifikishe wilayani, ili watu wa Idara ya Mambo ya Kale wapatazame. Kupima kwao hakuna malipo ya shilingi 50,000. Kipande chako nitakurudishia kwa padre akija huko.

Juma lijalo nitamjibu mama aliyeuliza juu ya chumvi ya Uvinza, jinsi ilivyochemshwa zamani kutoka maji ya chemchemi, na sababu ya punje zake kuwa na pembe nne.